SOMO: Mbio za Magari za Zamani kwa Kompyuta ya Kikundi

Kikundi kikipata kompyuta, vijana huomba michezo. Hapo ndipo pesa za kikundi zinaweza kupotea kwa kununua vifaa visivyohitajika. Leo tujifunze kuandaa mchezo mmoja wa mbio za magari, Gran Turismo 4.

Tuelewe kwanza

Mchezo huu ulitoka Japani mwezi wa Desemba 2004. Ulitengenezewa mashine ya PlayStation 2, ambayo iliacha kuundwa mwaka 2013. Kompyuta haielewi lugha ya mashine hiyo, kwa hivyo inahitaji emuleta, yaani programu ya kuiga mashine nyingine. Inayojulikana sana kwa kazi hii ni PCSX2, nayo ni ya bure.

Mtu atauliza: PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, mbona kompyuta kubwa ishindwe? Fikirini mkutano wenye mkalimani. Kila neno ni lazima lisemwe tena kwa lugha nyingine. Mkalimani akichelewa, mkutano wote unachelewa.

Hatua za kufuata

1. Tumieni vitu vyenu. Emuleta inataka baiosi, yaani programu ya kuwashia, kutoka kwa PlayStation 2 yenu wenyewe, na nakala ya diski yenu. Kuchukua za watu kwenye intaneti ni kuvunja hakimiliki.

2. Mara ya kwanza msibadilishe mipangilio. Washeni tu alama ya kuonyesha asilimia ya kasi kwenye skrini. Mkiona 100, mambo ni sawa.

3. Kasi kwanza, urembo baadaye. Anzeni na ukubwa wa picha wa asili, yaani mara 1. Ikibaki 100 hata magari yakiwa mengi, jaribuni mara 2. Badilisheni kitu kimoja tu kila mara, la sivyo hamtajua kilicholeta shida.

4. Tengenezeni padi. Vibonye vya padi ya PlayStation 2 vilihisi mkono ukibonyeza kidogo au sana, lakini vya padi nyingi za kompyuta havihisi hivyo. Basi wekeni gesi na breki kwenye vibonye vya nyuma vinavyoshuka polepole, kama padi yenu inavyo.

5. Wekeni akiba. Hifadhini mchezo kwenye kadi ya kumbukumbu ya mchezo wenyewe. Picha ya papo hapo ya emuleta yaweza kukataa kufunguka mkibadilisha toleo la programu.

Kasi ikishuka

Kasi ikiwa asilimia 50, saa ya ndani ya mchezo nayo hutembea nusu. Mzunguko ulioandikwa dakika 2 umechukua dakika 4 za kweli, na dereva amepata muda mwingi wa kukata kona. Kwa hivyo kama vijana wanashindana, matokeo ya kompyuta inayovuta miguu hayawezi kulinganishwa na ya kompyuta nzima. Pia kibonye cha Tab huongeza kasi. Kisiguswe wakati wa shindano.

Kabla ya kununua chochote, pimeni hivi: punguzeni ukubwa wa picha. Kasi ikipanda, mzigo ulikuwa kwa kadi ya picha, na huo ukubwa mdogo ndio dawa ya bure. Isipopanda, mzigo uko kwa prosesa, na kadi mpya ya picha haitasaidia kitu. Fundi akiwaambia mnunue kadi, mwulizeni kwanza kama amepima.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Kwa nini tunabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja?
- Mshindi amepatikana kasi ikiwa asilimia 70. Je, apewe zawadi?
- Ni nani katika kikundi atatunza nakala ya kadi ya kumbukumbu?