Israfu Iliyomo Jaani Mwetu

Ndugu zetu, israfu ni kupita mpaka katika kutumia neema, ijapokuwa neema hiyo ni ya halali. Wengi hudhani kuwa ni ila ya matajiri peke yao. Dhana hiyo na ipimwe kwa taka za nyumba zetu.

Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya mwaka 2024, umekadiria kuwa majumbani hutupwa kilo 79 za chakula kwa kila mtu duniani kila mwaka, pamoja na maganda na mifupa. Hizo ni kama kilo moja na nusu kwa wiki. Nyumba ya watu sita ni kilo tisa.

Tuwatazame ndugu zetu walioko Ifo, upande wa Garissa, katika kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1991. Huko chakula cha msaada hugawiwa kwa kipimo, na kipimo hicho kimepunguzwa mara kwa mara kwa uchache wa fedha. Apimiwaye hupika kwa hesabu. Je, sisi tusiopimiwa?

Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Na Mtume (s.a.w.) ameamrisha tonge lililoanguka liokotwe, litolewe uchafu, liliwe. Ikiwa tonge moja lina haki hii, sinia nzima ya wali uliomwagwa baada ya karamu itakuwaje?

Basi, tangu Ijumaa hii hata Ijumaa ijayo, kila mwenye nyumba na apime anachotupa. Chakula kizima apewe jirani, makombo wapewe kuku na mbuzi, maganda yafukiwe shambani. Kitakachobaki ndicho taka.

Wabillahi taufiki.