Kueleza Chombo cha Kompyuta ili Mwenzako Akitumie

Sisi wa Senior Six twaondoka mwaka huu, na chombo kimoja cha Chama cha Kompyuta tunawaachia ninyi. Nilipewa kazi ya kukiandikia maelezo, na katika ukurasa wetu huu wa Kiswahili nataka kuwaonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Chama kimeweka maswali ya mitihani ya zamani katika hifadhidata ya PostgreSQL, pamoja na nyongeza yake iitwayo pgvector, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2021. Kila swali limegeuzwa kuwa safu ya namba 384, yaani vekta. Maswali yenye maana za karibu huwa na vekta za karibu. Hivyo mtu akitafuta "ugonjwa uletwao na mbu" aweza kupata swali la malaria, ijapokuwa neno mbu halimo.

Ili kutafuta upesi, hifadhidata hutumia faharisi ya namna ya HNSW, ambayo Malkov na Yashunin waliieleza mwaka 2016. Mfano wake ni mgeni atafutaye nyumba mjini Kampala. Kwanza humwuliza mtu wa kituo cha mabasi, naye humwelekeza mtaa. Huko mtaani huuliza tena, akaonyeshwa njia. Mwisho majirani humfikisha mlangoni. Mpangilio uitwao m ni idadi ya majirani ambao kila mmoja huwajua, na kwa kawaida ni 16. Ef_construction, yaani 64, ni idadi ya wanaochunguzwa wakati wa kuchagua majirani hao. Ef_search, yaani 40, ni urefu wa orodha ambayo mgeni huishika mkononi anapotafuta.

Chombo chetu ni programu fupi ya kubadili mipangilio hiyo, nayo ina amri tatu: onyesha, badili, rudisha. Basi maelezo yake yaweje? Mengi niliyoyasoma husema tu, "badili ef_search: hubadili ef_search." Hayo si maelezo, ni mwangwi. Mtumiaji ataka kujua litakalotokea, hasa hatari isiyojionyesha. Tazama: ef_search ikiwa 40, nawe waomba maswali 100, faharisi itakupa 40 tu, wala haitasema kuna kosa. Tena ukitaka ya Biolojia peke yake, nayo Biolojia ni sehemu moja katika kumi, hifadhidata huchukua kwanza yale 40, kisha huyachuja, ukabaki na kama 4 hivi. Mwanafunzi wa Senior Four ataona maswali manne, adhani ndiyo yote yaliyopata kuulizwa, akaingia mtihani na hayo manne. Jambo hilo nimeliandika juu kabisa ya karatasi. Tangu toleo la 0.8.0 la mwaka 2024 kuna mpangilio wa hnsw.iterative_scan, ambao huiamuru faharisi iendelee kutafuta hata yapatikane ya kutosha au ifikie kikomo chake. Lakini mpaka uuwashe mwenyewe.

Karatasi nilimpa kijana wa Senior Two ambaye hakuwahi kukigusa chombo, nikakaa kimya. Aliuliza swali jema: "Nikibadili leo, kesho itakuwapo?" Jibu lake ni refu kidogo. Amri ya SET hudumu mpaka mtu afungapo mazungumzo yake na hifadhidata, wala haimhusu mwingine. Kwa sababu hiyo chombo chetu hutumia ALTER DATABASE, ambayo hudumu. Ila waliokwisha kuingia hawataiona mpaka watoke na kuingia tena.

Mipangilio ya m na ef_construction ni habari nyingine. Hiyo ni ya ujenzi. Ukiibadili, faharisi sharti ijengwe upya, na kazi hiyo huchukua muda. Usiifanye jioni ya kuamkia mtihani! Urefu wa vekta haumo kabisa katika chombo, kwa makusudi. Namba 384 zatokana na modeli iliyoyasoma maswali, na ukileta modeli nyingine yakupasa kuyahesabu yote upya, hata kama nayo hutoa 384, kwa kuwa namba za modeli mbili hazilinganishiki.

Na utajuaje kama 40 yatosha? Chukua swali moja, utafute kama kawaida. Kisha andika BEGIN, na SET LOCAL enable_indexscan = off, utafute lile lile tena; sasa hifadhidata itapita vekta zote moja moja, polepole, na majibu yatakuwa kamili. Linganisha orodha hizo mbili. Yakikosekana mengi, panda hadi 100, kisha 200. Mwisho wake ni 1000. Kila upandapo utafutaji huchelewa, kwa hiyo simama pale orodha mbili zinapokaribia kufanana, nawe uandike tarehe na namba uliyoiacha katika daftari la Chama.