Nimestaafu, sasa nianze nini?

SWALI: Nina miaka 57. Nimestaafu ualimu kwa hiari na watoto wanajitegemea. Asubuhi naamka sijui pa kwenda. Natamani kujifunza ushonaji, lakini ndugu wananiambia umri umekwenda. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kilichokutoka si mshahara tu. Umepoteza ratiba, kengele ya saa mbili, na watu wanaokusubiri. Kwa hiyo usijifungie ndani na cherehani. Tafuta ufundi utakaokurudisha kati ya watu.

Ndugu wakikusumbua, wakumbushe Kimani Maruge wa Eldoret, Kenya. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alivaa sare akaingia darasa la kwanza. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Wewe ni binti mdogo kwake!

Vyuo vya ufundi vya VETA vina kozi fupi za ushonaji. Ila mimi ningeanza kwa fundi wa mtaani kwako: omba ukae naye asubuhi, ufumue mishono iliyoharibika, upige pindo, utie vifungo. Kufumua ndiko kunakoonyesha nguo ilivyounganishwa. Itakuuma mwanzoni kuelekezwa na kijana ambaye pengine ulimfundisha kusoma. Vumilia, maana hilo ndilo gumu kuliko cherehani yenyewe.

Kiinua mgongo usikiguse kwa sasa. Cherehani moja iliyotumika yatosha, na duka lisubiri wateja wapatikane kwanza.

Halafu kapime macho. Kuona karibu hufifia baada ya miaka 40, na kutunga uzi bila miwani kutakukatisha tamaa bure.