Mtemi, Mnyampara na Ikulu: Msamiati wa Utawala wa Unyanyembe na Suala la Ushauri katika Katiba

1.0 Utangulizi

Tangu ilipopitishwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba mwaka 2011, mjadala wa katiba nchini Tanzania umetawaliwa na wanasheria na wanasiasa. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni ya wananchi, Bunge Maalumu likaketi mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 haikufanyika. Wanaisimu tumekaa pembeni, kana kwamba maneno ya katiba ni vyombo tu vya kubebea maana iliyokwisha kuamuliwa kwingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Tutachunguza maneno machache ya utawala yaliyotoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kudai kwamba historia ya neno moja, mnyampara, inatufundisha jinsi kizuizi cha madaraka kinavyoweza kufa ilhali jina lake linaendelea kutumika.

2.0 Desturi na Katiba

Inafaa kuanza na neno katiba lenyewe. Mzizi wake ni wa Kiarabu, k-t-b, wenye maana ya kuandika. Hata hivyo, Waarabu wenyewe huiita katiba ya nchi dustur, neno walilolipata kutoka Kiajemi. Neno hilo hilo limeingia katika Kiswahili kwa sura ya desturi, lakini kwetu halitaji sheria kuu iliyoandikwa; linataja mazoea ya watu ambayo hayakuandikwa popote. Kwa hiyo Kiswahili kimeyatenga mambo mawili: kilichoandikwa ni katiba, na kinachoishiwa ni desturi. Msomaji asilichukulie jambo hili kuwa mchezo wa etimolojia. Watawala wa Unyamwezi hawakuwa na katiba, lakini desturi walikuwa nayo, na iliwabana.

3.0 Mtemi na Ikulu

Neno mtemi linahusishwa na kitenzi kutema, yaani kukata, ambacho Kiswahili nacho kinakijua katika kutema kuni. Wapo wanaosema mtemi ni aliyekata msitu na kuanzisha makazi. Wapo wanaosema ni mwenye kukata mashauri. Kwa hoja yetu si lazima kuchagua, kwani maelezo yote mawili yanamtambulisha mtawala kwa kazi aifanyayo, wala si kwa nasaba yake.

Makao ya mtemi yaliitwa ikulu. Neno hili limepata bahati ambayo mtemi hakuipata: leo ndilo jina la makao ya Rais, na hakuna Mtanzania anayesita kulielewa. Yamkini wengi wanaolitumia hawajui kwamba wanatamka neno la Kinyamwezi na Kisukuma. Wakati jamhuri ilipoufuta utemi kisheria mwaka 1963, nyumba ya mtemi ilibaki katika lugha.

4.0 Mnyampara: Kutoka Barazani hadi Msafarani

Katika ikulu ya Kinyamwezi, wanyampara walikuwa wazee wa baraza. Walishiriki kumteua mtemi mpya, walimshauri, na walizitunza desturi ambazo utemi wenyewe ulizitegemea. Mtemi aliyewapuuza alikuwa akikata tawi alilokalia.

Kisha ikaja biashara ya misafara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijijengea makazi Kazeh, karibu na ikulu ya Unyanyembe, na Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857 walikuta njia panda ya biashara: barabara moja ikitoka pwani, nyingine ikielekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa uti wa mgongo wa safari hizo, na katika safari kila kundi la wapagazi lilikuwa na mkubwa wake. Wakamwita mnyampara. Uhamisho huu wa maana una mantiki: mzee anayesema kwa niaba ya watu wake mbele ya mtemi alifaa kuwa mzee anayesema kwa niaba yao mbele ya mwenye msafara. Katika hatua hii neno bado lilikuwa na heshima. Mnyampara wa msafara alidai posho ya watu wake, na aliweza kuongoza mgomo.

Kilichovunjika kilivunjika ikulu. Mtemi Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, alirithiwa na Mnywa Sere, ambaye alitoza kodi bidhaa za wafanyabiashara. Wao wakamfukuza kwa silaha na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere alipigana porini kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865. Wanahistoria wameyasoma mapambano hayo kama vita vya biashara, na ni kweli. Lakini ukiyatazama kwa jicho la katiba, swali lililoamuliwa lilikuwa lingine: nani humweka mtemi? Tangu hapo jibu halikutoka kwa wazee peke yao. Mtemi aliyewekwa kwa bunduki za wageni hakuwa na sababu kubwa ya kuwasikiliza wanyampara, na wanyampara hawakuwa na la kumfanya.

Isike, aliyemfuata Mkasiwa, alijaribu kuurudishia utemi uwezo wake. Mwaka 1893 Wajerumani waliishambulia ngome yake, naye akajilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Baada ya hapo mtemi aliwekwa, au aliachwa, kwa ridhaa ya serikali ya kikoloni. Waingereza, kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, waliwarudishia watemi heshima na mishahara, lakini mtemi aliwajibika kwa ofisa wa wilaya.

Na mnyampara? Katika Kiswahili sanifu ni mnyapara: msimamizi wa vibarua, na katika magereza ni mfungwa anayewasimamia wenzake. Wanafunzi wangu wengi hulijua neno hili kwa maana hizo tu. Kisemantiki tunaweza kuliita tukio hili mporomoko wa maana, na kuishia hapo. Lakini tuangalie kilichogeuka. Mnyampara wa kwanza alimfikishia mtawala sauti ya walio chini. Mnyapara wa leo huwafikishia walio chini amri ya mkubwa. Cheo bado ni cha mtu wa kati, ila mwelekeo wa maneno umepinduka.

5.0 Ushauri katika Katiba ya 1977

Sasa tuigeukie Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 54 inalifanya Baraza la Mawaziri kuwa chombo kikuu cha kumshauri Rais. Ibara ya 37(1) inasema kwamba Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Ibara ya 55 inataka mawaziri wateuliwe baada ya Rais kushauriana na Waziri Mkuu, na ya 109 inataka majaji wateuliwe baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Hapa ndipo mofolojia inapokuwa na la kusema. Kitenzi kushauriana kina kiambishi cha kutendana, -an-, kinachodokeza pande mbili zinazopeana shauri kwa hali ya usawa. Msikilizaji wa kawaida wa Kiswahili, mkulima wa tumbaku wa Urambo kwa mfano, akiambiwa kwamba wawili wameshauriana huelewa kwamba wamefikia jambo pamoja. Ikisomwa sambamba na Ibara ya 37(1), maana hiyo haipo: anayeshauriana anaweza kusikia na kuacha. Kitenzi chenye nguvu ni kingine, kuthibitisha, kinachotumika katika Ibara ya 51 kuhusu Waziri Mkuu, ambaye uteuzi wake hauna nguvu hadi Bunge limthibitishe.

Wapo watakaosema kwamba desturi za kisiasa hujaza pengo hilo, na kwamba Rais mwenye busara husikiliza. Ni hoja ya heshima, lakini ndiyo iliyowatosha wanyampara wa Unyanyembe hadi siku ilipopatikana njia nyingine ya kumweka mtemi. Isitoshe, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Tofauti kati ya kushauri, kushauriana na kuthibitisha sasa inaweza kubishaniwa mbele ya jaji kwa Kiswahili chenyewe, bila kukimbilia tafsiri, na atakayeandaa rasimu ijayo atalazimika kuchagua kitenzi.