Okidi za Kitulo na Hatari ya Kuchimbwa

Wananchi wanaelezwa kwamba maua ya okidi yaotayo katika mbuga za majani za uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania Bara, yamo hatarini si kwa ajili ya uzuri wake bali kwa ajili ya chakula. Chini ya mmea huwa na viazi viwili: cha zamani, kinachoulisha mwaka huu, na kipya, akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kipya. Kikishachukuliwa, mmea haurudi tena. Viazi huvushwa mpaka hadi Zambia, vikatwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, chakula kiitwacho chikanda. Mbegu za okidi ni nyingi, lakini ni ndogo mfano wa vumbi, wala hazimei bila ya kuvu maalumu udongoni. Hivyo kutumaini kwamba zitaota nyingine upesi ni kujidanganya.

Kitulo ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Aidha, okidi zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuzisafirisha nje kunahitaji kibali. Kwa mujibu wa mkataba huo, kiazi kilichokauka ni okidi sawasawa na ua bichi.