Kimbia Mtaani Kwako Kwanza

Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuanza mazoezi ya wikendi, ushauri wangu ni mmoja: anzia mtaani kwako, pamoja na majirani, kwa mwendo wa mchakamchaka. Mbio kubwa kama Kilimanjaro Marathon ya Moshi zina raha yake, lakini huja mara moja kwa mwaka, tena zinadai nauli, malazi na ada ya usajili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kiasi hicho hupatikana kwa jambo dogo linalorudiwa. Jambo hurudiwa likiwa jirani. Anayelazimika kupanda daladala mbili ili akakimbie Coco Beach atakwenda Jumamosi ya kwanza. Ya tatu atavuta shuka. Parkrun, iliyoanza London mwaka 2004 na wakimbiaji 13 tu, imeenea nchi nyingi kwa kanuni nyepesi: kilomita 5, kila Jumamosi, mahali palepale, bila kiingilio.

Sisi hatuhitaji hata kuazima mfano huo, maana mchakamchaka tumelelewa nao shuleni. Kiongozi anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Wimbo ule una kazi zaidi ya kuchangamsha: ndio kipimo cha kasi. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba vizuri, uko kwenye mazoezi ya wastani. Ukikosa hata pumzi ya kuitikia, umezidisha, punguza. Kwa hiyo kubalianeni njia ya kilomita tatu hivi ya barabara za ndani, mzunguko unaoishia pale mlipoanzia, ili aliyechoka akatishe bila kupotea. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumekucha na jua halijawa kali. Wageni wakimbie dakika moja, watembee mbili, wabadilishane hivyo hadi mwisho. Mmoja atangulie, mwingine afunge msafara, wote wawili wakiwa na vizibao vya kung'aa, na asiachwe mtu nyuma ya huyo wa mwisho.

Watakaopinga watataja bodaboda na barabara zisizo na njia ya miguu. Hoja hiyo ni ya kweli, ndiyo maana nasema barabara za ndani, na penye magari mkae upande wa kulia mkiyatazama yanayokuja. Wengine watasema mwanamke hawezi kutoka alfajiri peke yake, tena ana kazi za nyumbani zinazomsubiri. Kundi linaloanza kumekucha na kupita penye watu linapunguza hofu ya kwanza. Mzunguko mfupi unapunguza kikwazo cha pili, ingawa haumwondolei mume wajibu wa kubaki na watoto. Kuhusu kelele, jirani aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kulala: penye nyumba jipimeni kwa kuongea kwa sauti ya chini, nyimbo zisubiri mahali pa wazi.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya vikundi vyenyewe. Vikundi vingi vya jogingi hugeuka vyama vya kusaidiana kwenye misiba na harusi, na huo ni utu. Lakini fulana ya sare na mchango vikishakuwa sharti, mwenye kipato kidogo anajiondoa kimyakimya, na mazoezi yanabaki ya wenye nafasi. Tenganisheni mambo: kukimbia kuwe bure kwa yeyote mwenye raba, michango iwe ya hiari na daftari lake. Atakayetamani Moshi aende, akiwa tayari na miezi ya Jumamosi miguuni. Nanyi msijipime kwa idadi ya waliojitokeza siku ya uzinduzi. Hesabuni waliorudi wiki iliyofuata.