Kongamano la lesi: kila umri na kiti chake

Wengi hungoja wastaafu ndipo wafikirie safari ya kwenda kongamano la lesi. Wanachelewa bure. OIDFA, jumuiya ya kimataifa ya wafumaji lesi iliyoundwa mwaka 1982, hufanya kongamano lake kila baada ya miaka miwili katika nchi tofauti. Mwaka 2016 lilikuwa Ljubljana, 2018 Bruges. Huko Marekani, IOLI iliyoanza mwaka 1953 hukutana kila mwaka kwa madarasa na maonyesho. Jipange hivi:

1. Una mtoto? Mpeleke Idrija, kwenye tamasha la lesi. Mji huu mdogo wa Slovenia ulijulikana kwa machimbo ya zebaki, na wake za wachimbaji walifuma lesi ili kuongeza kipato. Shule ya lesi ya mji huo ilifunguliwa mwaka 1876 na hadi leo inafundisha watoto. Kwenye tamasha hilo la kila mwaka watoto hushindana kufuma, hadharani. Mkalishe mwanao karibu nao, kisha umwache atazame.

2. Kijana, ingia darasa la wanaoanza bila haya. Lesi ya vijiti inatisha kwa macho tu. Nyuzi zimezungushwa kwenye vijiti, kazi iko juu ya mto, pini zilizochomekwa kwenye mchoro zinashikilia nyuzi. Unachukua vijiti vinne, ukivihesabu kwa nafasi kutoka kushoto. Cha pili kinapita juu ya cha tatu. Halafu mwendo wa pili: cha pili juu ya cha kwanza, na cha nne juu ya cha tatu. Basi! Hata lesi yenye vijiti mia na zaidi inajengwa kwa miendo hiyo miwili. Mwalimu akisema fumua, fumua papo hapo. Ukishaendelea mbele, kosa linazikwa chini ya safu nyingine.

3. Unanyonyesha, au kazi imekubana? Nenda siku moja. Darasa la wiki nzima litakuumiza roho. Pitia ukumbi wa wauzaji ukiwa na mchoro wako mkononi, maana uzi hununuliwa kwa kuulinganisha na mchoro: ukiwa mnene lesi inasongamana, ukiwa mwembamba inalegea.

4. Macho yameanza kuchoka? Beba taa yako na kioo cha kukuzia. Mchoro uwe kwenye karatasi ya buluu, uzi mweupe utaonekana vizuri. Darasa la uzi mweusi waachie wengine, hasa la jioni.

5. Bibi na babu, nendeni hata kama vidole vimekaza. Naona ninyi ndio mnaohitajika kuliko wote. Bebeni kazi za zamani, kila moja na kikaratasi: nani alifuma, mwaka gani, uzi upi. Kijana akija kutazama, mgeuzie upande wa nyuma. Huko ndiko nyuzi zinakoanzia na kuishia, na maswali yake ya maana yatatokea huko.